Bibi Si Mkameruni

Jumapili, Ngamiani

Kumbe Bibi si Mkameruni! Kipimo cha kwanza cha vinasaba kilipodai kuwa ni Mkameruni alinuna, akaacha kututajia mababu zake wa Pemba. Niliogopa atakufa na kinyongo.

Leo kaka Sefu, aliyepeleka mate ya Bibi, amenieleza. Ile chipu ya maabara inayopima mate haisomi vinasaba vyote, husoma nukta zilizochaguliwa tu, na nukta za ile ya zamani zilichaguliwa kwa kuangalia watu wa mbali. Mpya ina nukta zetu pia. Mate yale yale, jibu sasa ni pwani yetu, na jamaa wa damu yuko Wete, huko huko Pemba. Kidude kidogo kuliko ukucha! Mashaallah.

Nilipomwambia, Bibi akatema tambuu. "Mimi niko vile vile, mjukuu wangu. Wao ndio wamepata miwani."

Halafu akaanza kuwataja tena mababu. Wa nne alizaliwa Wete.