Shangazi ameacha kazi kwa sababu ya asilimia zangu

Shoga, shangazi ameacha kazi. Kwa sababu yangu.

Unajua alivyozunguka mlango kwa mlango akihamasisha watu wapige kura. Leo kwenye kikao cha tathmini ya uchaguzi nikasoma takwimu: waliojitokeza wameshuka kutoka asilimia 71 hadi 23. Akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo nimehangaika bure?"

Nikajibu ndiyo. Shoga, nikajibu NDIYO.

Akaandika barua palepale, akatoka.

Ndipo karani wa uchaguzi akaniambia, "Mwenzangu, 71 ni ya uchaguzi mkuu. Huu ulikuwa mdogo. Uchaguzi mdogo uliopita walijitokeza asilimia 11 tu."

Yaani aliwaongeza mara mbili.

Nimempigia, nimemweleza yote. Akasema, "Nimekuelewa. Ila wewe, mwanangu, hukusita hata kidogo."