Upande wa Pili wa Donge

3 Machi

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo, ila mama na mgongo wake, nami na mafua yangu. Vipi hicho kiwanda cha magodoro? Mama bado anakiita kiwanda cha usingizi, eti ulilikimbia tanuri lake ukaufuata usingizi. Ila siku hizi anasema bila hasira. Kila jioni tukikanda unga wa mikate nakutaja kidogo, naye hanikatizi. Jana alicheka. Amekubali uje. Njoo Jumapili.

Mdogo wako,
Kimya

10 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mzima, nanuka gundi tu. Niambie kweli: amesema yeye "aje", au umesema wewe? Mama namjua, nawe nakujua.

Kaka yako

14 Machi

Kaka,

Shikamoo. Hatujambo. Amesema yeye. Njoo.

Kimya

2 Aprili

Kaka yangu,

Shikamoo, ingawa sina uso wa kukuuliza hali. Ulisimama mlangoni na mkoba wako, mama akakutazama, akasema, "Duka limefungwa," na mikate imejaa kwenye rafu. Ukageuka. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya magunia.

Hakusema "aje". Nilisema mimi. Kwa mdomo nisingeweza kukwambia, ndiyo maana naandika.

Juzi mwalimu wa fizikia alitufundisha sheria za mwendo kwa vitu vinavyobonyea. Darasani, kwa lugha ile ya kigeni, nilinakili tu. Nilielewa nyumbani, kwa lugha yetu, mikono imezama kwenye unga. Jiwe ukilisukuma linakwenda zima. Donge la unga sivyo. Unasukuma hapa, kipande kinamsukuma jirani yake, jirani naye anasukuma mbele huku akikirudishia msukumo kile kilichomsukuma. Upande wa pili ndio wa mwisho kupata habari. Sheria ni zilezile, ila unazifuata kipande kwa kipande. Mimi nilimsukuma mama, upande wangu ukabonyea, nikadhani amesogea mzima.

Na yeye mwenyewe hunikemea kila siku: unga usiopumzika ukiuvuta, unarudi ulikotoka. Nisamehe.

Kimya

20 Aprili

Kimya,

Marahaba. Sijambo. Hapa kuna mashine ya kujaribia magodoro, hulibonyeza moja kutwa nzima. Ikiondolewa, sponji huinuka, lakini haifiki pale ilipokuwa. Sina hasira nawe, nimechoka tu. Usinisukume tena, hata kidogo. Nahama chumba, nikitulia nitakupa anwani.

Kaka

9 Septemba

Kaka,

Shikamoo popote ulipo. Mgongo wa mama umepata nafuu. Barua yangu ya Julai imerudi kutoka kiwandani, wameandika juu yake kwamba uliacha kazi. Hii nampa dereva anayetuletea unga. Anasema mshona foronya mmoja wa huko anakufahamu.

Tangu Aprili sijakutaja, naapa. Juzi mama alikuwa anakata madonge, akasema akiwa amenipa mgongo, "Yule wa magodoro, hivi huko nani humwamsha?"

Nikasema sijui.

"Maana saa hasikii yule, hata ikimlilia sikioni."

Akatenga donge dogo pembeni, akalifunika kwa kitambaa, kama zamani ulipokuwa ukichelewa kutoka shule. Asubuhi hakulitia tanurini. Liliumuka mpaka likazama lenyewe. Nilipotaka kulitupa alinipiga kofi mkononi, akalifunika upya.

Sikwambii uje. Safari hii ni maneno yake tu, sijaongeza langu.

Mdogo wako,
Kimya