Kaseti Aliyoisimamisha Babu Yako

Mugisha, mjukuu wangu,

Shikamoo zako za kwenye simu nimezipokea, marahaba, lakini zimenichosha. Shikamoo inaletwa na mtu mwenye miguu. Ulikuja kumzika babu yako, ukatupa udongo, ukaondoka na gari lile lile lililokuleta, hata maji hukunywa. Tangu hapo kahawa imevunwa, imeanikwa, imeuzwa, na sasa tumeanza kuchuma nyingine. Unasema kazi. Kazi gani hiyo isiyo na Pasaka wala Krismasi? Najua unachokiogopa wewe. Unaogopa kile kiti chake cha dirishani. Mimi nalala nacho nyumba moja, mbona sijafa?

Anayeandika ni shangazi yako Koku. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kupamba. Shule sikwenda, lakini masikio nilipewa. Hayo masikio ndiyo yanayonifanya nikuandikie.

Wewe ulikuwa mdogo redio ile ilipoingia humu ndani. Sista wa kizungu wa zahanati alikuwa anarudi kwao, akawa anagawa vitu vyake. Wenye akili walichukua masufuria, mmoja akapata baiskeli. Babu yako, aliyemlimia bustani miaka yote, akarudi na redio na kaseti moja ya mtu anayepiga piano. Nikamuuliza, piano inaliwa na maharage? Akasema Sista amemweleza kwamba mpigaji alikuwa mzee, amekufa kabla hata sisi hatujaoana, na siku aliporekodiwa alipiga mbele za watu huku vidole vinamuuma. Babu yako akaviangalia vidole vyake vilivyopinda kwa jembe, akaitia kaseti.

Mimi nilikuwa jikoni namenya ndizi. Piano ikalia, ikalia, ikanyamaza. Halafu nikasikia mvua inashuka kwenye mabati, mvua kubwa ya ghafla. Nikatupa kisu, nikakimbia uani, nikaanua kahawa yote, jamvi baada ya jamvi, naivuta ndani huku nawaita mnisaidie. Jua linawaka. Jirani amesimama kwenye migomba ananishangaa. Wewe na babu yako mko dirishani mnacheka mpaka machozi. Kumbe ni makofi. Wazungu wanampigia makofi mzee wao.

Kuanzia siku hiyo kila kaseti ilipofika mwisho babu yako aliniita, "Mama Koku, anua kahawa." Nami nilimtukana kila mara. Wewe unayajua matusi yale, uliyarudia kanisani nikaaibika.

Lakini nikaanza kusikiliza, bila kuwaambia. Nilisikia kwamba mkono mmoja wa yule mzee unatembea taratibu, kama mtu anayepanda kutoka bondeni na ndoo kichwani, na mkono mwingine unamkimbilia mbele kama watoto wanaomlaki. Nilisikia mtu anakohoa kati ya wale wasikilizaji, nikasema apewe maji. Na ile sehemu ya katikati, unaikumbuka, babu yako alikuwa anakushika bega: yule mpigaji anateleza pale. Kidole kinakosea, mtu yeyote anasikia. Haachi, harudi nyuma, haombi radhi. Anaendelea, na baada ya pale anapiga kwa uchungu zaidi. Mimi nilikuwa naingojea sehemu hiyo hiyo kila siku. Vijana wa kwaya sasa wana kinanda cha umeme kisichokosea kitu, na sijaona mtu akifuta machozi.

Ulipopata kazi ukamletea babu yako simu, ndani yake kuna kijana anapiga wimbo ule ule, safi, hakuna kikohozi wala mchakacho. Babu yako alisikiliza mpaka mwisho, akakushukuru. Ulipotoka akaniambia, "Anajua sana huyu. Ila bado hajazika mtu."

Sasa nikueleze nisichokueleza msibani, kwa sababu hukukaa nikueleze.

Mchana wake wa mwisho aliomba kaseti. Nikamkalisha kwenye kiti chake, nikampa redio mapajani. Yule mzee wa piano akapiga, akateleza pale anapoteleza, akaendelea. Piano ilipokaribia kwisha babu yako akabonyeza, ikanyamaza. Nikadhani betri. Akasema, "Hapo patamaliziwa na Mugisha." Nikamwambia Mugisha yuko mbali, we maliza tu. Akakataa. Nikaenda kumletea uji, na niliporudi uji ulikuwa hauna mtu wa kuunywa.

Kaseti imesimama pale pale. Shangazi yako aliishika nikamchapa mkono, na usicheke, ana wajukuu. Fundi wa simu alitaka aichukue aihamishie kwenye simu, nikamfukuza. Lakini sikio langu la kushoto limeshakwenda, Mugisha. La kulia linakwenda. Juzi mvua ya kweli ilinyesha na sikuisikia, niliiona tu, kahawa imeshalowa. Nikakaa chini pale uani nikalia, na haikuwa kwa ajili ya kahawa.

Kwa hiyo uje kabla halijakwenda lote. Uje wakati kahawa iko kwenye majamvi, ukiwa na betri mpya, kubwa, za hapa zinavuja. Usilete nguo, usilete sukari. Kaa kwenye kile kiti. Fungua dirisha, kwa sababu kaburi liko hapo hapo kwenye kibanja, chini ya migomba, na yeye pia hajamaliza. Usirudishe kaseti nyuma, anzia pale alipoachia. Na makofi yakianza, hata kama jua linawaka, niite kwa sauti kubwa niende nikaanue kahawa.

Ni mimi, bibi yako, niliyekulea