Maziwa ya Bukuru

Jumamosi, 2 Rajabu
Kanzu mbili zimekwisha, ya tatu bado kola. Kiungulia kimeniamsha kabla ya adhana. Nimekoroga ile dawa ya unga mweupe vijiko vitatu, nikanywa. Askari aliyeniletea kopo kutoka boma la Wadachi, Usumbura, alisema kijiko kimoja, siku tano, basi. Askari hana tumbo langu. Mwezi wa pili huu.
Bukuru ameteremka na kibuyu cha maziwa kama kila siku. Ameonja kwanza, ndiyo desturi ya huko mlimani: mpaji hunywa mbele yako ujue hamna sumu. Kisha akanipa. Tangu mke wangu afariki, hakuna mwingine anayevuka kizingiti changu.

Jumatano, 13 Rajabu
Kiu. Nimemaliza mtungi, na haja ndogo hainipi nafasi ya kushona. Choo kigumu, siku nne. Chakula hakipiti. Maziwa na unga tu. Vijiko vitano.

Jumatatu, 18 Rajabu
Nimetapika mara mbili. Mkono wa kulia wa kanzu nimeushona kushoto. Nikafumua, nikakosea tena palepale. Nimelia, mtu mzima na ndevu zangu.
Nimejiuliza ninakula nini siku hizi. Maziwa. Ya nani? Ya Bukuru.

Ijumaa, 22 Rajabu
Baada ya sala nilikwenda ufukweni, wanakoanika ndagala, dagaa wa huku. Watu wengi. Bukuru akanifuata na kibuyu, akaonja. Nikamwambia aonje tena, anywe nusu nzima. Watu wakageuka kutazama.
"Fundi, nimekunywa mbele yako. Umeniona."
Nikamjibu kuwa mchawi hadhuriki kwa sumu yake. Nikayamwaga maziwa mchangani. Kwao maziwa hayamwagwi, hata ya adui. Akaokota kibuyu chake, akakipangusa kwa kiganja, akapanda zake. Nilijiona shujaa.

Jumapili, 24 Rajabu
Sijagusa maziwa tangu juzi na bado natapika. Uchawi wake una mizizi. Vijiko saba. Mdomo mchungu. Nimesahau jina la marehemu mke wangu, nikalikumbuka adhuhuri. Zuhura. Nimeogopa sana.

Alhamisi, 28 Rajabu
Kopo tupu. Nimelikwangua kwa kidole, nikalamba. Siwezi kusimama. Mlango nimeuacha wazi kutwa. Watu wanapita na vikapu vyao vya samaki. Hakuna aliyechungulia.

Jumatano, 4 Shaabani
Nimekula ugali wa muhogo, umetulia tumboni. Kiu imepungua. Uzi umeingia kwenye sindano mara ya kwanza.
Maziwa niliyaacha nikazidi kuugua. Unga umekwisha, siku sita, ninapona. Nimeligeuza jambo hili kila upande nikitafuta kosa la mwingine. Silioni. Mkono ulionilisha sumu ni huu ninaoandikia.
Kiungulia kipo palepale. Kikae.

Jumatatu, 9 Shaabani
Nashona kanzu ya Bukuru. Kipimo chake nakijua kwa macho. Mara tatu leo nimeinua kichwa nikidhani nasikia hatua zake.

Jumamosi, 14 Shaabani
Nimepanda kwa Bukuru. Nilipumzika njiani mara nyingi, miguu bado.
"Amahoro, fundi," alinisalimu, akanipa kigoda. Nikamweleza habari ya unga, yote, bila kujipendelea. Nikamwomba radhi. Akasema yamepita. Kanzu aliipokea kwa mikono miwili, akaikunja, akaiweka pembeni.
Tukakaa. Nikawa nangoja kibuyu. Nilikuwa nimeapa kwamba safari hii nitakunywa kabla hajaonja.
Akaniona naangalia upande wa zizi.
"Ng'ombe amekauka maziwa, fundi."
Nikasema Mungu atamjalia. Nyuma yake ndama alikuwa amesimama, povu la maziwa limemjaa mdomoni.
Nimefika nyumbani kabla ya alasiri. Nimekunywa maji, nimefagia kizingiti.