Sahihi Mbili

Bangwe, Kigoma

Kaka Elineema, shikamoo.

Huku mvua imeanza na dagaa hawakauki. Nakuandikia kwa kuwa tangu tumzike baba hupokei simu zangu.

Ile kampuni ya saruji inanunuliwa. Wenye hisa wadogo tulikutana hapa, Mzee Nassib akasema, "Atakayekataa kuuza atabaki na makaratasi." Niliogopa. Hisa za baba ziko kwa majina yetu wawili, nami nikaweka sahihi yangu na yako.

Leo wakala wa hisa amenipigia: "Kaka yako amekataa kuuza. Basi hii sahihi ni ya nani?" Nilikata simu. 

Amenipa wiki mbili nijibu. Kaka, nakusihi, mwambie ni yako.

Mdogo wako,
Aikande