Usichomoe Waya wa Kompyuta

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Waya wa kompyuta usiuchomoe. Kila siku saa sita mchana itajisasisha yenyewe, usishtuke ikijizima na kujiwasha. Fundi kaipanga hivyo asubuhi hii, maana umenisema wiki nzima kuhusu virusi.

Fundi alinicheka. Kumbe miezi minane nabonyeza "Baadaye" kila inapoomba kujisasisha. Yeye sikumwambia sababu, wewe nakwambia. Siku aliyosafiri kwenda kazini, baba yako aliacha barua wazi pale kwenye kompyuta: "Mke wangu, nikirudi". Gari likapiga honi, akaondoka. Niliogopa mashine ikijizima itaimeza.

Haikupotea, fundi aliihifadhi kwanza. Ila kale kamstari kalikokuwa kakiwaka na kuzima baada ya "nikirudi", kana kwamba mwenyewe ameinuka tu kunywa maji, sasa kanawaka mwanzo wa ukurasa.

Nguo zikikauka zianue. Baba yako akipiga simu mwambie ~~aje amalizie barua~~ kompyuta ni nzima.

Mama yako