Mkono Nyuma ya Pazia

Bofu, Likoni,
Mombasa.
Jumamosi, 5 Novemba 1960

Kwa kaka yangu mpenzi Yeslam,

Shikamoo. Baada ya salamu nakuuliza hali yako, na hali ya wifi yangu Hafswa, na ya mtoto wenu, ambaye hata sijui kama ameshaanza kusimama dede. Sisi huku hatujambo, Alhamdulillahi. Mama ni mzima, mume wangu Sheikhan ni mzima, nami ni mzima ila mkono wa kushoto unaniwasha hata kukaa kitako siwezi. Sababu yake utaiona humu humu. Barua hii naipeleka kwa ndege ili iiwahi meli. Kaka, usiende bandarini. Mama hamo melini.

Najua uso umeshaukunja. Barua yako ya mwisho tuliisoma sote, na yale maneno ya chini kabisa nimeyasoma tena peke yangu: kwamba umemwita Mama Aden mara nyingi na kila mara anatoa udhuru, na kwamba asipokuja safari hii utajua hajakusamehe kwa kuoa ugenini bila ya kumtaka shauri. Nakuomba, hayo maneno yaweke kando mpaka uimalize barua yangu. Usiirushe. Nakujua hasira zako, na wewe wanijua zangu.

Kwanza ujue kwamba Mama alikuwa amejiandaa. Achari ya maembe imetiwa kwenye machupa na kufungwa vitambaa. Doti ya kanga ya Hafswa aliichagua mwenyewe, akaikataa ya kwanza na ya pili mpaka mwenye duka akakaribia kutufukuza. Mtu mwenye chuki na mkwewe hamtafutii kanga namna ile. Lililobaki lilikuwa ni chanjo ya ndui tu, maana bila ya cheti chake hakuna anayepandishwa melini, na wewe mwenyewe ulitwandikia kwamba huko mtaani kwenu ndui imesikika.

Desturi ya nyumba yetu unaijua, tangu enzi za marehemu Baba mwanamume wa nje haingii ndani. Basi Sheikhan akazungumza na bwana mmoja wa chanjo, jina lake Thoya, Mgiriama mpole sana, akaja na baiskeli yake. Aliketi ukumbini na Sheikhan, nasi tukakaa nyuma ya pazia: mimi, Mama, na jirani yetu Mwanatumu aliyekuja kumpa Mama moyo. Bwana Thoya alisema kila wa nyumbani achanjwe, hata asiyesafiri. Nikatangulia mimi. Nilipenyeza mkono pembeni mwa pazia, akanikwaruza, nikatoka mbio kwenda jikoni kumtilia kahawa. Huko nyuma ulipenyezwa mkono wa pili. Sheikhan anasema Bwana Thoya aliushika kiganja, akauliza kama mama huyu ni mkulima, na yeye akacheka, akamjibu kwamba mkwewe tangu azaliwe hajashika jembe. Wanaume wawili wazima, na hakuna aliyejiuliza zaidi ya hapo. Cheti kikaandikwa, kahawa ikanywewa, baiskeli ikaondoka.

Mkono wangu ukavimba, homa ikanipanda, pakafanya lengelenge nikawa silali ubavu ule. Mama kila nikimwuliza anasema wake haujambo, na mkono kaufunga kitambaa. Mwanatumu naye, ambaye haipiti siku bila ya kuja kutusengenyea mtaa mzima, akapotea. Jumanne hii Mama alinyoosha mkono kuteremsha sanduku juu ya kabati, mkono wa nguo ukaporomoka, na kitambaa pamoja nao. Wallahi kaka, ngozi ilikuwa safi kama ya mtoto. Hapakuwa na hata alama ya ukucha.

 Nilijitanda buibui langu nikaenda kwa Mwanatumu, nikamkuta kakaa na mkono wake mgumu wa shambani kaufunga kwa leso, umevimba kupita wangu. Aliponiona alianza kulia kabla sijafungua mdomo. Kumbe mimi nilipokwenda jikoni, Mama alimshika akamsihi kwa jina la Mola atoe mkono wake badala ya wa Mama.

Niliandika mpaka hapo nikainuka, nikaenda mlangoni, nikarudi. Hivyo ndivyo nilivyo tangu Jumanne.

Usiku ule nilimweleza Sheikhan. Yeye akaliona jambo jepesi: cheti kipo, kina jina na muhuri, na hao wa bandarini wanasoma karatasi, hawafunui watu mikono. Alisema mwache mzee aende akamwone mwanawe. Nami nakiri ilinijia tamaa ya kunyamaza. Meli ilikuwa ya Alhamisi. Lakini nikamfikiria Mama akishuka huko penye ndui, mwili wake hauna kinga, akimbeba mtoto wako. Nikakichukua cheti nikakificha. Kwa hiyo anayestahili hasira zako ni mimi. Mama hakukataa kuja. Mimi ndiye niliyemzuia, na ile meli ilipopiga honi Alhamisi nilikuwa chumbani nimeziba masikio.

Lakini hujaambiwa kwa nini mtu mzima akwepe mkwaruzo wa dakika moja. Nami nilitaka kujua, tena nilimkabili kwa ukali, jambo ambalo leo linanisikitisha. Nilimwambia Jumatano asubuhi kwamba Yeslam ataamini amechukiwa, na kwamba kama ni kuogopa sindano basi aibu tupu.  Akaniambia, "Khairiya, mimi siogopi kuumia. Na yeye na aone namchukia. Heri hilo."

Kaka, hili lisome umeketi.

Unamkumbuka ndugu yetu Aidarus. Mimi nilikuwa mdogo, namkumbuka kwa sauti tu. Wewe ulikuwa mvulana, na ndiwe uliyetumwa kumpeleka zahanati achanjwe, ukambeba mabegani njia nzima. Wiki ile ile akashikwa na homa, akafa. Mama siku zote hizi ameamini kwamba ni chanjo iliyomwua. Hakumwambia Baba, hakumwambia mtu. Alisema homa ni homa, ya Mungu, akaufunga mdomo. Aliniambia alikuona siku ya mazishi umejiegemeza ukutani huli, hunywi, akaapa kwamba mtoto huyu hatasikia maishani kuwa alimbeba nduguye kumpeleka kwenye kifo. Kila ulipomwita Aden aliiona ile sindano, na kila alipotafuta udhuru alijua kwamba utaudhika. Kukueleza sababu hakuweza. Akachagua umwone mama mwenye kinyongo.

Nililia, Mama akalia, na Mwanatumu akaingia katikati ya kilio chetu, amekuja kuomba radhi. Aliposikia habari ya Aidarus alikaa chini palepale sakafuni. Akamwambia Mama: wewe wasahau, wiki ile ilikuwa surua, mtaa wote ulikuwa na surua, na binti yangu mimi alikufa siku ya pili baada ya Aidarus, naye hakuchanjwa kitu, hakuwahi hata kuiona zahanati. Alimwuliza Mama kama hakumbuki vile vipele, kama hakumbuki kwamba maiti zao zilikoshwa na mama yule yule. Mama alimtazama muda mrefu. Sijui niiteje ile sura yake. Miaka yote wamekaa ukuta kwa ukuta, kila mmoja na msiba wake, na hawajapata kuilinganisha hiyo misiba.

Siku ile ikapita, na ya pili yake. Jana baada ya sala ya Ijumaa alimwagiza Sheikhan amwite tena bwana wa chanjo.

Amekuja leo asubuhi. Sheikhan alikuwa amemweleza kila kitu, na Bwana Thoya, Mungu amlipe, hakufoka. Alikichana kile cheti cha mwanzo, akasema kwa adabu kwamba safari hii angependa kuwa na hakika mkono ni wa nani. Halafu akauliza, kama wanavyouliza, iwapo kuna mtu wa nyumba hii aliyewahi kuchanjwa akadhurika. Nilitaka kumjibu mimi. Mama akanizuia, akalisogeza pazia kwa mkono wake mwenyewe, uso kajifunika yamebaki macho tu. Sheikhan alikohoa mpaka nikadhani atapaliwa.

Mama ameninong'oneza baadaye nisikuandikie habari za Aidarus. Nimemwitikia abee, kisha nimekaa nikaandika yote, maana umeudhika vya kutosha na yeye ameubeba mzigo huu peke yake vya kutosha. Chanjo yake ikishika, atakuja na meli inayofuata, inshallah. Sheikhan anakusalimu. Mwanatumu anakusalimu, naye anamwonyesha kila mtu kovu lake, mtu aliyechanjiwa safari ya Aden na hata Kisauni hajawahi kulala. Nibusie mtoto, mpe Hafswa salamu zangu nyingi, na mwambie kanga zake ni nyekundu.

Ila sijakwambia Mama alimjibu nini Bwana Thoya. Alitoa mkono, akamtazama, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barazani: "Hapana, hapana aliyedhurika. Mwanangu Aidarus alikufa kwa surua. Yeslam alimpeleka kuchanjwa, na akanirudishia salama."

Wako nduguyo,
Khairiya binti Barakat